Silabi, sauti au neno zima: njia ipi imfundishe mtoto kusoma?

Weka mezani madaftari matatu ya watoto watatu, wote wa darasa la kwanza, wote wametimiza miezi miwili shuleni. La kwanza limejaa ba be bi bo bu, da de di do du, ukurasa baada ya ukurasa. La pili lina herufi sita tu, zimepangwa na kupanguliwa kila namna: kaka, lima, kuku, mlima. La tatu ndilo linalopendeza macho. Ng'ombe amechorwa, nyumba imechorwa, mpira umechorwa, na chini ya kila picha kuna neno lake, ambalo mtoto analitaja papo hapo bila kusita.

Wazazi wa watoto hawa wakikutana, wa tatu ndiye mwenye kujidai. Wangu tayari anasoma, atasema. Wa kwanza atarudi nyumbani akijiuliza kama amekosea shule. Mimi ningemshauri atulie, kisha ningemwomba yule anayejidai afunike picha kwa kiganja na amuulize mtoto upya.

Shule chache hufuata njia moja bila kuchanganya na nyingine. Hata hivyo kila darasa huwa na njia yake kuu, na hiyo ndiyo inayojionyesha daftarini. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mzazi anayetafuta darasa, na pia kwa yule aliyekwisha kuchagua ila hajui amsaidieje mtoto jioni bila kumvuruga.

Neno moja, madarasa matatu

Chukua neno kalamu.

Katika darasa la silabi, mwalimu alianza na irabu tano. Kisha akachukua konsonanti moja na kuizungusha kwenye irabu zote: ka ke ki ko ku. Siku nyingine la le li lo lu, nyingine ma me mi mo mu. Siku kalamu inapoandikwa ubaoni, mtoto haoni herufi sita. Anaona vipande vitatu anavyovifahamu, ka-la-mu, anavitamka kwa mfuatano na neno linajitokeza lenyewe.

Katika darasa la sauti, kila herufi hufundishwa kwa sauti yake, si kwa jina lake. M ni ule mvumo wa midomo iliyofumbwa, s ni ule mlio wa nyoka. Mtoto huzitoa zote sita, k-a-l-a-m-u, halafu huziunganisha upesi hadi ziwe neno. Kazi ngumu ipo kwenye huko kuunganisha, na ugumu wake una sababu. Sauti kama k, t, p na b hazitamkiki vizuri zikiwa peke yake. Ulimi huvuta kairabu kadogo nyuma yake hata usipotaka. Mwalimu asipokuwa mwangalifu atatamka "ke, a, le, a, me, u", na mtoto, kwa haki kabisa, atajibu "kealeameu".

Katika darasa la neno zima hakuna kukatakata. Kadi inainuliwa, imeandikwa kalamu, pengine na picha pembeni. Watoto wanaitikia. Kadi inarudi kesho na keshokutwa mpaka umbo la neno likae kichwani jinsi sura ya mtu inavyokaa.

Ipo ya nne, ya zamani zaidi, ya kutaja majina ya herufi: "be na a, ba". Ukiisikiliza vizuri utacheka, maana be ukiiunga na a unapata bea. Walioisoma wakafaulu walifaulu kwa sababu vichwa vyao vilifanya kazi ambayo mwalimu hakuifanya. Siiingizi kwenye ushindani huu.

Kuweka picha kando ya neno nako si jambo la jana. Mwaka 1658, huko Nuremberg, Ujerumani, mwalimu mmoja aitwaye Comenius alitoa kitabu cha watoto ambamo kila kitu cha duniani kilichorwa na kutajwa. Kinachosahaulika ni kwamba mwanzoni mwa kitabu hicho hicho aliweka alfabeti ya milio: kunguru analia aa, mwanakondoo analia bee. Picha alizipenda, lakini hakuwaachia watoto picha peke yake.

Kichwa kinabeba mangapi?

Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24, ukiihesabu ch kuwa moja. Toa irabu 5, zinabaki konsonanti 19. Kila moja mara irabu tano, darasa la silabi lina vipande 95 vya kufundisha. Ongeza dh, gh, kh, ng, ng', ny, sh na th, unapata vingine 40. Bado hujagusa mb, nd, nj, nz, mv, wala bw, kw, mw na wenzao. Darasa la sauti linabeba herufi 24 na hizo pacha 8, jumla 32, kisha ujuzi mmoja wa kuunganisha unaofanya kazi kila mahali.

Kwa hesabu hiyo sauti imeshinda. Darasani hali ni tofauti kidogo, kwa sababu silabi zina mpangilio, na mtoto ni hodari wa kunusa mpangilio. Akishazijua familia chache, ya k, ya l, ya m, siku moja mwalimu anaandika ta na yeye anamalizia te ti to tu bila kuambiwa. Amegundua mwenyewe kwamba t ndiyo inayobaki na irabu ndiyo inayobadilika. Yaani ameifikia njia ya sauti kwa mlango wa nyuma.

Tatizo ni wale wasioufikia mlango huo. Wapo watoto wanaoimba ba be bi bo bu vizuri kabisa, lakini ukiwaonyesha bo peke yake hawaijui. Ili kuifikia, wanarudi kuanzia ba na kupanda ngazi, ba, be, bi, halafu bo. Mtoto huyo ana wimbo, kusoma bado. Darasani hatambuliki kwa urahisi kwa sababu sauti yake inapotelea katika kwaya ya wenzake. Dawa yake ni rahisi: achanganyiwe silabi za familia mbalimbali, mo, te, ki, bu, la, zisizo na wimbo. Mwalimu wa silabi anayefanya hivyo kila siku ni mwalimu mzuri. Asiyefanya anafundisha kwaya.

Njia ya sauti ina faida nyingine ambayo wazazi huiona kama kasoro. Haiendi a, b, ch. Huanza na herufi chache zinazozaa maneno mengi. Chukua a, i, u, k, l na m. Kwa hizo sita tu mtoto anasoma mama, kaka, kuku, lala, lima, kali, mali, kula, mkuki, mlima. Anasoma hata sentensi nzima: Kuku mkali akalia. Kwa hiyo usipomwona akiimba alfabeti mwezi wa kwanza, usidhani mwalimu amelala. Alfabeti yenye mpangilio ni kwa ajili ya kamusi, na kamusi inaweza kusubiri.

Lugha nayo ina upande wake

Hapa ndipo ushauri mwingi unapopotoka, kwa sababu njia hupimwa kana kwamba lugha zote zinaandikwa namna moja.

Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, na irabu hizo tano hazigeuki: a ni a mwanzoni, katikati na mwishoni. Lugha ya namna hii inamfaa mwalimu wa silabi kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wake. Kireno na Kihispania nazo zimefundishwa hivyo kwa muda mrefu. Paulo Freire alipowafundisha watu wazima kusoma huko Angicos, Brazili, mwaka 1963, njia yake ilitumia neno la maisha yao, kama vile tijolo, yaani tofali, kisha ikalipasua: ta te ti to tu, ja je ji jo ju, la le li lo lu. Wanafunzi wakaunda maneno yao wenyewe kwa vipande hivyo.

Lakini Kiswahili kina mitego yake, na mtego mkuu ni herufi m. Kwenye mti, m ni silabi kamili: m-ti. Mbwa ni silabi mbili, m-bwa, ingawa kwa macho inaonekana moja. Mbegu ni mbe-gu, hapo m haisimami peke yake. Halafu linganisha mtu mbaya na hali mbaya. La kwanza ni m-ba-ya, la pili ni mba-ya. Maandishi ni yale yale. Hakuna jedwali la silabi litakalomwambia mtoto hilo. Anaambiwa na sikio lake, kwa kuwa amekuwa akiyasema maneno haya tangu ana miaka miwili. Ndiyo maana mtoto anayekijua Kiswahili kabla ya kuanza shule hupita hapo bila hata kuona kizingiti, na anayekutana nacho darasani kwa mara ya kwanza hujikwaa.

Mitego mingine ni midogo. Ngoma na ng'ombe, kialama kimoja tu kati yao, na watoto hukisahau mpaka wakue (watu wazima pia, fungua ujumbe wowote kwenye simu). Maneno ya mkopo kama labda na daktari yana konsonanti inayofunga silabi, lab-da, dak-ta-ri, na mtoto wa ba be bi bo bu atataka kuingiza irabu: "labuda", "dakitari". Mtoto wa sauti hapati shida hapo, kwake b ni b iwe na irabu au isiwe nayo.

Na neno zima? Kwa Kiswahili, ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote, na sababu iko kwenye kitenzi. Mtoto amekariri umbo la soma. Kesho kitabu kinasema anasoma. Keshokutwa hasomi, tulisoma, asingesoma, nisomee, walisomeana, msomaji, kisomo. Kila moja ina umbo lake, na kadi ya soma haisaidii kuisoma hata moja. Utachapisha kadi ngapi? Njia hii ingefaa lugha ambayo maneno yake hayabadiliki sana. Yetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kukanusha ndani ya neno moja.

Nitakachoikubalia ni vineno vidogo vinavyojirudia kila mstari: na, ni, wa, ya, kwa, la, za, cha. Hivyo mtoto avitambue kwa mtupo mmoja wa jicho. Jina lake mwenyewe pia, na majina ya wanadarasa wenzake. Kabla ya miaka sita, kadi za picha na maneno zinamfundisha jambo la thamani, kwamba michoro hii myeusi ina maana. Zikiishia hapo, hazina ubaya.

Kama darasa linaanza na Kiingereza

Wazazi wengi huchagua shule kwa lugha kabla ya njia, halafu hushangaa mambo yakienda polepole. Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti zipatazo 44, na tahajia iliyogandishwa karne nyingi zilizopita. Though, through, cough, tough: herufi nne za mwisho zilezile, sauti nne tofauti. Jedwali la silabi halina la kufanya hapo.

Mwaka 2003, mtafiti Philip Seymour na wenzake walitoa ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Kifini, Kigiriki na Kiitaliano walisoma sawasawa zaidi ya maneno tisa katika kila kumi ya yale waliyoyazoea. Wa Kiingereza walisoma takribani theluthi moja. Tuwe waadilifu: wa Kiingereza huanza shule wakiwa wadogo zaidi, ilhali Ufini mtoto huanza darasa la kwanza na miaka 7. Umri una sehemu yake, lakini hauwezi kuziba pengo la ukubwa huo peke yake. Tahajia ndiyo iliyolibeba.

Kwa Kiingereza, kwa hiyo, chaguo langu ni sauti, tena ya kupangwa hatua kwa hatua, pamoja na orodha fupi ya maneno makaidi ya kukariri. Waingereza na Wamarekani wenyewe walizunguka sana kabla ya kufika hapo. Mwaka 1967 Kenneth Goodman wa Marekani aliandika kwamba kusoma ni mchezo wa kubahatisha kwa akili: msomaji hutazama dalili chache na kukisia zilizobaki kutokana na maana. Wazo hilo lilitawala madarasa mengi kwa miongo. Mtoto akikwama aliambiwa atazame picha, au aruke neno, au afikirie lipi lingefaa pale. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani kuhusu kusoma lilipopitia utafiti uliokuwapo, lilitaja mambo matano ya kufundishwa: kuzitambua sauti kwa sikio, kuoanisha sauti na herufi, kusoma kwa mtiririko, msamiati na ufahamu. Mwaka 2006 ripoti ya Jim Rose kuhusu ufundishaji wa kusoma ikaisukuma Uingereza kwenye sauti, na tangu mwaka 2012 watoto wa huko wenye miaka mitano hadi sita hupimwa kwa maneno 40, ambayo 20 kati yake hayana maana yoyote. Yamebuniwa makusudi. Neno lisilokuwepo duniani haliwezi kukaririwa wala kubahatishwa. Ama unalisoma ama hulisomi.

Mtoto aliyejua kusoma Kiswahili kwanza anaingia Kiingereza na mtaji. Anajua kwamba maandishi yanabeba sauti, na sauti zinaungana. Ila atalipa ushuru kidogo. Akiona pole atasoma pole, yaani ya kumpa mtu pole. Akiona kale atadhani ni enzi zile. Akiona dude atacheka, na ana haki. Mwalimu anayejua lugha zote mbili atacheka naye, kisha atamwonyesha ile e ya mwisho ya Kiingereza inavyokaa kimya ikibadilisha irabu iliyotangulia. Kinachoumiza ni kuanza na lugha mbili kwa wakati mmoja, kwa walimu wawili wasiosemezana, mmoja akisema a ni hii na mwingine akisema a ni ile, kabla mtoto hajashika hata moja.

Kutamka si kuelewa

Sasa niwasute watu wa silabi na wa sauti pamoja, maana nimewasifu vya kutosha.

Wanasaikolojia Philip Gough na William Tunmer waliandika mwaka 1986 kwamba kusoma ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Ni mara, si jumlisha. Ukiwa na sifuri upande mmoja, jibu ni sifuri hata upande wa pili ukijaa. Mtoto wa kadi anayeelewa kila hadithi akisimuliwa lakini hawezi kusoma neno jipya ana sifuri upande wa kwanza. Mtoto anayetamka ukurasa mzima kama kasuku ana sifuri upande wa pili, na tahajia nyoofu ya Kiswahili inamzalisha kasuku huyo kwa urahisi. Anaweza kukusomea hata habari za uchumi akiwa na miaka saba. Muulize amesoma nini.

Kuna hatua moja kati ya kutamka na kuelewa ambayo darasa la silabi huiruka mara nyingi. Chukua walipotukaribisha. Ni silabi nane. Mtoto anayezichapa moja moja, wa, li, po, tu, ka, ri, bi, sha, akifika mwisho amesahau mwanzo. Siyo mjinga, kumbukumbu ya muda mfupi imejaa tu. Anachohitaji ni kuhama kutoka silabi kwenda vipande vyenye maana: wa ni wao, li ni jana na juzi, po ni wakati ule, tu ni sisi, kisha karibisha. Haya anayajua mdomoni tangu zamani. Anahitaji kuyaona machoni. Darasa zuri la pili hufanya hivyo kwa kupanga maneno ya ukoo mmoja, anacheza, walicheza, tutacheza, tulipocheza, mpaka jicho lizoee kukata mahali panapostahili. Nikikagua shule, hilo ndilo ningeulizia kuliko rangi za ukutani.

Upande wa kuelewa hauna njia ya mkato. Unajengwa kwa kusimuliwa, kusomewa kwa sauti, kuulizwa maswali, na hata mtoto aliye nyuma katika kusoma asinyimwe hadithi ati mpaka ajue kusoma.

Imla haidanganyi

Daftari lenye mwandiko mzuri linaweza kuwa daftari la kunakili. Ubaoni kumeandikwa, mtoto amechora alichokiona. Anayetaka kujua njia ya darasa inafanya kazi atafute imla: mwalimu ametamka, mtoto ameandika. Makosa ya imla ni dirisha. Aliyeandika karamu badala ya kalamu hajui tofauti ya r na l kwa sikio, pengine kwa sababu lugha ya nyumbani haizitenganishi. Huyo anahitaji mazoezi ya sauti, hata kama darasa lake ni la silabi. Aliyeandika gombe badala ya ng'ombe amesikia vizuri ila hajapewa alama ya kuandikia. Aliyeandika neno tofauti kabisa lenye mwanzo unaofanana huenda anakariri maumbo.

Kugeuza b na d ni habari nyingine. Macho yetu yamezoea kwamba kitu ni kile kile hata kikigeuzwa: kikombe chenye mkono kulia na chenye mkono kushoto ni kikombe. Herufi zinavunja kanuni hiyo. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita anayegeuza b na d anafanya kinachotarajiwa, na kwa wengi kinaisha chenyewe kwa mazoezi. Kikiendelea pamoja na kushindwa kuunganisha sauti, hapo ndipo pa kumtafuta mtaalamu.

Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka 1907, aliupindua mpangilio wote: mtoto huandika kabla ya kusoma. Hupitisha vidole juu ya herufi za msasa huku akitamka sauti yake, kisha hujenga maneno kwa herufi za kuchezea. Ni njia ya sauti iliyopitia mkononi. Naipenda, lakini inataka vifaa vingi na watoto wachache kwa kila mwalimu.

Nani achague nini

Darasa likiwa kubwa, vitabu haba, lugha Kiswahili, silabi inatosha na inazidi. Ubao, chaki na mwalimu anayechanganya familia za silabi vinafanya kazi, na mwalimu wa kawaida anaimudu. Njia ya sauti ikiangukia kwa mwalimu asiyeandaliwa inageuka ile kealeameu, na hapo ni heri silabi.

Ukipata darasa la Kiswahili la sauti lenye mwalimu aliyefundwa, usiliache. Mtoto atakawia kidogo wiki za mwanzo, kisha maneno kama daktari, labda na mbwa hayatamsumbua. Kwa mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao katika kusoma na kuandika, au anayechanganya sauti zinazokaribiana, sauti iliyopangwa polepole ndiyo ningeitafuta hata ikibidi nje ya shule.

Kiingereza: sauti. Nimeshasema.

Neno zima lisiwe njia kuu, isipokuwa kwa mtoto asiyesikia au asikiaye kwa shida. Kwake sauti si daraja. Neno linalooneka kwa jicho likiambatana na ishara yake ya mkono lina nafasi tofauti kabisa, na mzazi huyo ashauriane na walimu wa lugha ya alama badala ya kufuata ulinganisho huu.

Nyumbani, usilete njia ya pili kumshindania mwalimu. Kama shuleni ni silabi, jioni mwandikie silabi zilizochanganywa. Kama ni sauti, cheza naye kwa mdomo bila karatasi: nikisema k-u-k-u, ni nini hiyo? Unaweza kufanya hivyo mkitembea. Na kama ni kadi tupu, hapo vunja kanuni yangu. Mkate maneno ya kadi zake kwa mkasi, vipande vipande, mviunge upya.

Kisha mpime kama wale Waingereza wanavyopima. Tunga neno ambalo halipo, tuseme mupelo, andika kwa herufi kubwa na umwonyeshe. Wa kadi atakutazama au ataropoka neno lingine linaloanza na mu. Wa wimbo ataanza kupanda ngazi, ma, me, mi. Akitamka mu-pe-lo kisha akakukunjia uso, "Mupelo ni nini?", mwambie ukweli kwamba umelitunga, halafu mpe kalamu atunge lake akusomeshe wewe.